Wachekeshaji Wangu wa Msibani

Juzi juzi binti yangu alinipeleka kuona wachekeshaji. Si kwenye simu, anakowatazama kila siku amejifunika shuka huku kitanda kinatikisika, bali ana kwa ana, katika ukumbi mmoja hapa Masasi. Kulikuwa na viti vya plastiki, spika kubwa kuliko kabati langu la vyombo, na kijana mwembamba kutoka Dar es Salaam aliyevaa raba nyeupe ambazo nilizionea huruma kwa vumbi letu. Alichekesha. Sitaki kuwa yule mtu mzima anayenuna akiona vijana wanafurahi. Alimwigiza bodaboda wa Masasi anayemuuliza abiria njia, kisha anabishana naye kuhusu njia hiyo hiyo, na mimi nikacheka mpaka nikavua miwani.

Kisha mzee aliyekaa mbele yangu akageuka kumnong'oneza mkewe, na harufu ya koti lake ikanijia puani. Bila shaka alikuwa ametoka kupulizia mikorosho, akaona hana muda wa kurudi nyumbani kubadilisha. Ilikuwa harufu ya salfa. Nyinyi mliokulia huku mnaijua. Mgeni akiinusa anauliza yai limevunjika wapi, lakini sisi tuliolala chumba kimoja na magunia yake tunaisikia kama harufu ya nyumbani. Kijana jukwaani alikuwa amefika patamu, ukumbi mzima umeangua kicheko, nami nikajikuta nalia. Binti yangu akanisogelea akaniuliza, "Mama, vipi tena?" Nikamwambia nimewakumbuka wachekeshaji wangu. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa mama yake aliwahi kucheza mpira. Hakujua kama nami nilikuwa nao.

Nilikuwa nao wawili, na wote wawili niliwaona msibani.

Mmoja alikuwa Babu yangu. Nilikulia kwake Chiwata, yeye na Bibi, kwa kuwa mama yangu alikuwa akifanya kazi Mtwara. Wa pili alikuwa Bi Somoe, mama mfupi mwenye sauti nene, aliyekaa upande wa pili wa msikiti. Watu walimwita Mama Rashidi, kwa jina la mwanawe wa pekee, lakini sisi watoto tulimwita Bi Somoe na yeye hakujali. Asili yake ni Newala, huko juu, na ukoo wake na ukoo wa Babu walikuwa watani tangu kwa mababu. Nani alimfanya nini nani mpaka utani ukaanza, kila mzee alikuwa na hadithi yake, na katika kila hadithi ukoo wa msimuliaji ndio uliokuwa na akili.

Wa rika langu hamna haja ya kuelezwa, lakini binti yangu ilibidi nimweleze. Mtu wa ukoo wao akifa, watani tunakwenda. Tunachimba kaburi, tunachota maji, na mmoja wetu anasimama katikati ya ua anamcheka marehemu. Anavaa nguo zake, anaiga mwendo wake, anataja uvivu wake, choyo chake na namna alivyokuwa akikoroma, na wafiwa hawaruhusiwi kukasirika. Akifa wa kwetu, wanakuja wao. Kwa hiyo kila kilio kilipopigwa kijijini, mimi nilikuwa na swali moja tu: ni kwao au ni kwetu? Kama ni kwao, atachekesha Babu. Kama ni kwetu, atachekesha Bi Somoe. Kama si kwao wala si kwetu, nilirudi kwenye mchezo wangu.

Niliwalinganisha kama vijana wa sasa wanavyolinganisha wasanii. Babu alikuwa wa maneno. Alipofariki mjomba wake Bi Somoe, mzee aliyejulikana Chiwata nzima kwa kukaa kivulini, Babu aliingia uani akipiga kelele, "Msimzike! Huyu hajafa! Mimi namjua huyu. Kaona palizi imefika!" Akajilaza kifudifudi mlangoni, akazuia jeneza lisitoke mpaka marehemu aamke akalime japo tuta moja. Wake za marehemu walicheka huku machozi yanawatiririka, mmoja akampiga Babu mgongoni kwa upawa. Bi Somoe alikuwa wa mwili. Yeye hakuhitaji maneno. Angetazama mtu akipita, na kabla yule mtu hajafika kisimani sisi wote tungekuwa tumeshamwona mara ya pili, safari hii katika mwili wa mama mfupi mwenye kanga mbili. Mimi nilimpenda zaidi Bi Somoe, ingawa sikuthubutu kumwambia Babu.

Mtoto anapanga dunia kwa kile anachokiona. Niliamini kuna watu wa kulia na watu wa kuchekesha, kila mmoja kapewa kazi yake, kama vile kuna watu wa kupika na watu wa kuchimba kaburi. Wa kulia wanaumia, ndiyo maana wanalia. Wa kuchekesha hawaumii. Nilikuwa na hakika kwamba Bi Somoe alizaliwa bila ile sehemu ya moyo ambamo huzuni hukaa, na nikimtazama nilimwonea wivu.

Niliamini pia kwamba Bibi anamchukia. Bibi yangu, Mama Salum, alikuwa mtu wa mambo ya kweli. Ukimwambia kichekesho angekusikiliza mpaka mwisho, kisha akuulize, "Ikawaje sasa?" Akisimulia yeye, alianzia mwisho, akakumbuka katikati, akaishia kulaumu kuku. Bi Somoe alikuwa akija kwetu kila siku kuomba moto, chumvi, au maneno tu, na kila siku walitupiana vijembe. Bi Somoe angesema, "Mama Salum, hii mboga umeipika au umeiosha tu?" Bibi angesema, "Toka kwangu." Bi Somoe angekaa. Hivyo hivyo kila siku, na mimi nikidhani ni ugomvi.

Babu alifariki mwishoni mwa msimu wa salfa, kabla korosho hazijaanza kuanguka. Alilala na homa, akaamka nayo, na siku chache baadaye hakuamka. Kuhusu kilio chenyewe sitasema mengi, kwa sababu kwa mara ya kwanza sikuuliza ni kwao au ni kwetu. Nakumbuka mkeka niliokalia, uliokuwa umefumuka pembeni, na mimi nikiufumua zaidi. Nakumbuka Bibi ameegemea ukuta, macho makavu, akinyweshwa maji kwa kijiko na mama yangu, na maji yakirudi kidevuni. Wanawake walikuwa wakinong'ona kwamba huyu naye tutamzika.

Kisha nikasikia Babu akikohoa. Alikuwa na kikohozi chake, cha kusafisha koo kabla ya kuingia nyumba yoyote, hata ya kwake, ili watu wajue anakuja mtu mzima. Nilijua Babu amekufa, nilikuwa nimeona jeneza likitolewa, na bado nilisimama. Akaingia na koti lake la kupulizia salfa, alilokuwa akilivaa mvua na jua, mkono mmoja mgongoni, shingo mbele. Mikono ya koti ilivuka vidole na pindo lilikuwa likigusa ardhi, kwa maana aliyekuwa ndani yake alikuwa Bi Somoe. Nilikasirika kiasi cha kutaka kumng'ata. Akapita katikati ya wanawake, akafika mbele ya Bibi, akachuchumaa kama Babu alivyokuwa akichuchumaa mbele ya sahani, na kabla hajagusa chochote akapaza sauti: "Mama Salum! Chumvi iko wapi?"

Ndivyo Babu alivyokuwa. Miaka yote aliitisha chumvi kabla ya kuonja, na miaka yote Bibi alimjibu vile vile. Nilimwona Bibi akifumbua kinywa. Sauti iliyotoka ilikuwa ya kukwaruza. "Onja kwanza," alisema. Halafu akacheka, kicheko kibaya, cha mtu aliyepaliwa, na kicheko kikageuka kilio, na kilio kile kikawa cha kwetu sote. Baadaye akanywa uji, bakuli zima. Bi Somoe nilimfuata nyuma ya nyumba, bado nimekasirika. Alikuwa amesimama peke yake, uso ameufukia kwenye mkono wa koti. Nikadhani anapangusa makamasi, nikaona kinyaa, nikarudi kwa mama.

Bibi alikaa eda, akatoka eda. Bi Somoe alikuja kila siku, akasema mboga haijaiva, akaambiwa toka kwangu, akakaa.

Mwaka ulikuwa haujapinduka tulipopata habari za Rashidi. Rashidi alikuwa fundi redio Newala, kijana mrefu kupita kiasi ambaye kila alipokuja Chiwata alifungua redio yetu, akaipuliza vumbi, akaifunga, nayo ikaimba vizuri zaidi. Aliugua, na Bi Somoe akapanda kwenda kumuuguza. Siku ile dereva wa gari la korosho alisimama mbele ya msikiti, akaomba aonyeshwe nyumba za watani wa Mama Rashidi. Kijana ameshazikwa huko huko Newala kwa wajomba zake, alisema, na mama mtu hali yake si nzuri.

Mimi nilisikia neno moja tu, Newala. Msiba wa Bi Somoe mwenyewe! Kama kwenye misiba ya wengine alikuwa vile, kwenye wa kwake itakuwaje? Nilimkimbilia Bibi nikamuuliza kama nivae gauni la Idi. Bibi alinitazama, akasema, "Vaa la kila siku." Hakunigombeza. Nadhani alielewa kuliko nilivyodhani.

Wazee wa ukoo wa Babu wakakaa uani kwetu. Jambo lilikuwa moja na kila mtu alilijua: Babu hayupo, nani ataenda kutania? Mzee Issa, mdogo wake Babu, alikuwa na mabega ya kubeba gogo na sauti ya mtoto mwali. Akakuna kichwa. "Shemeji, kaburi ningechimba hata mawili. Kuchekesha usinitume. Nitasimama pale nitokwe jasho, tuaibike wote."

"Basi nitatania mimi," alisema Bibi.

Wazee wakageuka kumtazama. Hata kuku nadhani waligeuka.

"Wewe, shemeji?" alisema Mzee Issa, kwa heshima zote. "Kwanza wewe si wa ukoo wetu. Na pili..." Ya pili hakuisema.

"Somoe alikuja kwangu," alisema Bibi, akaingia ndani kutafuta kanga za safari.

Tulipanda Newala juu ya magunia, mimi, Bibi na Mzee Issa. Gari lilipoanza kupanda mlima hewa ikawa ya baridi, na Bibi akawa anatembeza midomo. Nikadhani anasoma dua. Halafu akanigusa goti. "Babu yako alikuwa anaanzaje?"

Ndipo nilipoelewa kwamba anaogopa. Sikuwahi kumwona Bibi akiogopa kitu, hata nyoka, na ikaniingia kwamba katika gari lile mjuzi wa mambo haya ni mimi. Nikamwambia Babu alikuwa anaanza kwa kuingia na kelele. Nikamwambia asicheke kabla ya watu. "Mimi sicheki," alisema. Nikamwambia asieleze, akishasema asieleze maana yake. Hilo lilimsumbua. "Na wasipoelewa?" aliuliza. Hilo sikuwahi kuliona, kwa sababu Babu hakuwahi kutoeleweka.

Newala ilikuwa ndani ya ukungu. Nyumba ya msiba tuliijua kwa viatu vilivyojaa mlangoni. Dada yake Bi Somoe alitupokea, akampokea Bibi mfuko, na baada ya shikamoo na marahaba akamvuta pembeni, nami nikiwa nimeshika kanga ya Bibi. "Hajalia, Mama Salum," alisema. "Tangu kijana anafumba macho mpaka leo, hajalia, hajala, hata jina lake hajalitaja. Tukimsemesha anatikisa kichwa. Jana kaniuliza kama maji yamechotwa, ndiyo neno pekee. Tunamwogopa. Mtani mliyeleta ni nani?"

"Ni mimi," alisema Bibi.

Yule mama akamtazama, akamtazama Mzee Issa, akarudi kumtazama Bibi. "Karibu," alisema.

Bi Somoe alikuwa uani chini ya kibanda cha jikoni, amekaa juu ya mkeka, uso umeelekea ukutani. Nilimwona mgongo tu. Nilidhani anajiandaa. Nilidhani wakati wowote atageuka akiwa na sura ya mtu mwingine, tuvunjike mbavu. Nikatafuta mahali pazuri, mbele, nikakaa na kukunja miguu. Hakugeuka. Nikasogea ubavuni mpaka nikaona shavu lake, lilivyokuwa limeingia ndani, na jicho lililokuwa likitazama ufa wa udongo ukutani bila kuuona. Hapo ndipo nilipopata hofu ambayo sikuipata hata kwa Babu. Kama Bi Somoe naye anaumia, basi hakuna mtu asiyeumia.

Bibi aliingia na kelele, kama nilivyomfundisha. Tatizo ni kwamba hakuwa na sauti ya kelele. "Hodi hapa!" alisema, kama mtu anayerudisha ungo wa watu. Wanawake wakaitikia, "Karibu." Akasimama katikati ya ua. Mtu alimpa kofia ya sufu ya Rashidi, ile aliyovaa kwa baridi ya Newala, akaivaa juu ya mtandio, ikamfunika nyusi.

"Rashidi," alisema Bibi, "alikuwa mrefu."

Tukangoja.

"Alikuwa mrefu sana."

Mtu alikohoa. Bibi alinitazama, nami nikamfanyia ishara aendelee, aendelee tu. Akavuta pumzi. "Msimlilie!" alisema, na kwa sauti ya kukariri nikayatambua maneno ya Babu. "Huyu hajafa. Kaona palizi imefika!"

"Rashidi hakuwa na shamba, mama," alisema msichana mmoja taratibu, akidhani anasaidia.

"Ndiyo," alisema Bibi. "Hakuwa na shamba." Akafikiri. "Alikuwa anatengeneza redio." Kisha, kwa kuwa hakuweza kujizuia, akaeleza. "Nilikuwa namaanisha kwamba alikuwa mvivu. Lakini hakuwa mvivu."

Mzee Issa alikuwa ameficha uso kwa kofia yake. Wanawake walikuwa wakitazama mikeka. Nami nilitamani ardhi inimeze, kwa ajili yake, maana nilijua alivyojitahidi, midomo ikitembea njia nzima juu ya magunia. Mtu mwingine angekaa chini. Bibi hakukaa. Kilichobaki kilikuwa mwendo, na akaamua kuiga mwendo. Akanyoosha shingo, akatupa mikono huku na huku, akapiga hatua ndefu kukatiza ua, kofia ikimwangukia machoni, akafika kwenye mafiga, akageuka, akarudi, kama askari aliyepotea gwaride. Hakuna aliyecheka. Akaenda tena, akarudi tena.

"Siyo hivyo."

Sauti ilitoka ukutani. Ilikuwa nzito na kavu, na kwanza hatukujua ni ya nani.

Bibi akasimama. "Ikoje?" aliuliza.

"Mama Salum, Rashidi hakuwa askari." Bi Somoe alikuwa bado hajageuka. "Na mikono hakuitupa. Mikono alikuwa anaiweka mfukoni."

Bibi akatafuta mfuko, hana. Akaikunja mikono ndani ya kanga, akaanza kutembea tena.

Bi Somoe akageuka. Alimtazama Bibi kama fundi anavyotazama kazi iliyoharibiwa, na kitu fulani usoni mwake kikashindwa kuvumilia. Akaweka kiganja chini, akajiinua. Dada yake akataka kumshika, akamkataa. Alikuja mpaka katikati ya ua, akamvua Bibi ile kofia, akaivaa vizuri, nyuma kidogo, sikio moja nje. "Tazama," alisema. "Bega hili linatangulia. Kwa ajili ya mfuko wa vyuma vyake. Hata akiuacha mfuko, bega linatangulia. Hivi."

Na akatembea. Sijui niwaambieje. Alikuwa mama mfupi, amekonda, hajala, na tukamwona Rashidi akija, mrefu, bega moja chini, akitabasamu kabla hajasema kitu. Msichana yule aliyetaja shamba aliguna kama aliyechomwa. "Halafu akifika mlangoni anainama," alisema Bi Somoe, akielekea mlango wa nyumba. "Mlango wowote. Hata mlango wa msikiti, mrefu wote ule, mwanangu anainama." Akafika kwenye mlango, akainama.

Hakuinuka. Alibaki pale ameinama, mkono mmoja umeshika mwimo, na mgongo ukaanza kumtikisika. Kilio kilipotoka kilikuwa kirefu na hakikuwa na maneno, isipokuwa jina la mwanawe. Bibi alimfikia kwanza. Alimshika kiuno wakaketi pale pale kizingitini, watu wakiwapitia juu kuingia na kutoka, na wakakaa mpaka ukungu ulipoondoka. Mchana Bi Somoe alikula ugali wa muhogo na mbaazi, tonge kwa tonge kutoka mkononi mwa Bibi, na katikati ya kutafuna akasema mbaazi hazijaiva. Nilianza kulia mimi. Bibi aliponiuliza nalia nini sikuweza kumwambia kwamba namlilia Bi Somoe, na Babu, na dunia yangu yote niliyokuwa nimeipanga vizuri.

Siku tuliyoondoka alitusindikiza mpaka garini, amejifunga kanga ya kiunoni kama zamani. "Mama Salum," alisema, "hujui kuchekesha hata kidogo."

"Najua kwamba sijui."

"Nikifa mimi usije. Watumeni watu wengine. Msinitie aibu."

"Nitakuja mwenyewe," alisema Bibi, akapanda juu ya magunia.

Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza kama siku ile alikosea makusudi. Lingekuwa jambo la busara sana, na mimi nilitaka bibi yangu awe na busara ya namna hiyo. Alikasirika. "Makusudi ya nini? Nilikuwa nachekesha vizuri tu. Somoe ndiye aliyekuwa na maringo."

Bi Somoe ndiye aliyetangulia kufa, huko huko kwao. Wakati huo macho ya Bibi yalikuwa yamekwisha nuru, na ni mimi niliyemshika mkono kupanda naye Newala. Alikataa kusaidiwa alipofika uani. Akaomba kanga ya marehemu, akajifunga, akasimama katikati ya watu akasema Somoe alikuwa mfupi. Mfupi sana. Akajaribu kuiga mwendo wake, akakosea kabisa, akarudia, akakosea tena, kisha akasimama kichwa kimeinama upande, anasikiliza. Hakuna aliyemsahihisha.